Studio Nyumbani, Amani Nyumbani

Mama mwenzangu, je, mumeo au kijana wako amegeuza chumba kuwa studio ya muziki? Basi huenda unayajua haya. Ni saa nne usiku, mtoto ndiyo kwanza amepata usingizi, mara chumba cha pili spika inaunguruma. Ukibisha hodi unajibiwa, "Natafuta sauti!" Kwetu jambo hili lilitufikisha mahali pa kununiana. Hatimaye, jioni moja, niliomba nionyeshwe hiyo sauti inayotafutwa.

Mume wangu ana vinanda viwili vya umeme. Alikuwa ameviunganisha kwa waya mmoja wenye ncha mbili, kisha akauchomeka kwenye tundu la maikrofoni la mikisa. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa. Maikrofoni hutoa umeme hafifu sana, kwa hiyo tundu lake huukuza mara nyingi. Umeme wa kinanda una nguvu zaidi. Ukipitishwa humo, sauti hukwaruza. Tena vinanda viwili vikifungwa kwenye waya mmoja hudhoofishana. Sauti ilipokuwa mbaya, yeye alizidi kuipandisha.

Njia iliyo sawa ni rahisi. Kila kinanda kipewe nafasi yake kwenye mikisa, katika matundu yaliyoandikwa LINE. Kikiwa na matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, tumieni nyaya mbili. Mkiwa na waya mmoja tu, uchomekwe kwenye lile lililoandikwa L/MONO, ndilo linalotoa sauti nzima. Kisha mpigaji apige sehemu yenye kishindo kuliko zote, huku akipandisha kitufe cha GAIN taratibu. Taa nyekundu ikimulika, akirudishe nyuma kidogo.

Baada ya hapo ndipo huja kuchanganya. Vinanda vyote viwili vikipiga sauti nzito kwa pamoja, husongana kama watu wawili wanaosimulia kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kupunguza besi ya kimoja, si kuongeza ukubwa wa kingine.

Na mtoto aliyelala? Mikisa nyingi zina tundu la hedifoni. Spika hushushwa hadi chini, kazi ikaendelea. Hata hivyo, masikio yana kiasi chake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75.

Jioni ile ile tulibadilisha nyaya. Nilipoketi kusikiliza, nilimwambia kinanda cha pili kinakifunika cha kwanza. Alikishusha, akatabasamu. Siku hizi akitafuta sauti, huniita kwanza. Nawe mama, kabla hujagonga mlango kwa hasira, ingia uulize waya huu unakwenda wapi.