Betri mpya yaweza kumponza mnunuzi wa saa kuukuu

Saa ya mkono isiyo na kitufe cha kurekebishia ubavuni huonekana mbovu, na muuzaji asiyeijua huishusha bei. Lakini ikiwa ni Accutron ya mwanzo ya kampuni ya Bulova ya Marekani, haijapungukiwa kitu. Iliundwa hivyo, na wenzo wake wa kurekebishia uko mgongoni.

Saa za umeme za aina hii sasa hutafutwa na wakusanyaji, na ndiyo maana mfanyabiashara anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha.

Hamilton ya Marekani ilitangulia Januari 1957. Betri ilisukuma gurudumu la saa kupitia vinyaya vyembamba vilivyogusana na kuachana. Vinyaya hivyo vilipinda na kuchakaa, saa nyingi zikarudishwa, na mwaka 1961 kampuni ikatoa mtambo mwingine.

Accutron, iliyotoka mwaka 1960, iliacha vinyaya hivyo. Ndani yake kuna uma mdogo wa chuma unaotetemeka mara 360 kwa sekunde na kusukuma gurudumu lenye meno 300. Bulova iliahidi kwamba haitakosea zaidi ya dakika moja kwa mwezi. Desemba 25, 1969, Seiko ya Japani ikaleta saa ya kwatsi, na kwatsi iliposhuka bei, soko la saa za uma likafa.

Mtego uko kwenye betri. Accutron za mwanzo zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Betri ya leo ya ukubwa huo ina volti 1.55. Kwa nguvu hiyo uma unaweza kuruka meno mawili badala ya moja, na saa ikakimbia. Mnunuzi huona mshale unazunguka, akalipa, kumbe saa inadanganya.

Kwa hiyo iweke sikioni: nzima huvuma kama nyuki. Linganisha mshale wa sekunde na simu kwa dakika nzima. Omba ifunguliwe, utazame kama betri ya zamani imevuja. Usikubali fundi asiyeizoea aguse koili: waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na ukikatika, mara nyingi dawa yake ni kununua saa nyingine ya vipuri.

Tahadhari pia na Spaceview, Accutron isiyo na uso, inayoonyesha mtambo wake. Huuzwa ghali, na nyingi ni Accutron za kawaida zilizovuliwa uso baadaye.

Anayenunua upande mmoja wa mpaka na kuuza wa pili, amtafute kwanza fundi atakayeifungua, ndipo apatane bei.