Farasi mzee na safari ndefu: mshindi ni yule anayefika mzima



Huku kwetu Katanga farasi si mnyama wa kila siku. Tangu zamani mbung'o, pamoja na ugonjwa mkali unaoitwa tauni ya farasi, vimemzuia kuenea katika sehemu kubwa za Afrika ya kati. Watoto wetu wengi wamemwona katika picha tu. Lakini leo tunataka kuzungumza juu yake, kwa sababu uko mchezo mmoja wa farasi ambao sheria yake ya kwanza inafanana na ile tunayoiandika katika ukurasa huu kila mara: kazi haikuisha vizuri kama mtu hakurudi mzima.

Mchezo huo ni mashindano ya safari ndefu. Mwaka 1955, katika jimbo la California huko Marekani, bwana Wendell Robie na wenzake wachache walitaka kuonyesha kwamba farasi wa siku hizi angali na nguvu ya kwenda kilometa 160 kwa siku moja. Walitoka upande wa ziwa Tahoe, wakavuka milima ya Sierra Nevada, wakafika mji wa Auburn. Mashindano hayo yanaitwa Tevis Cup, na mpandaji anapewa saa 24 tu. Mara nyingi karibu nusu ya wanaoanza hawafiki mwisho. Mwaka 1966 watu wa Australia walianza yao, Tom Quilty. Mwaka 1972 chama cha Marekani kinachoitwa AERC kilianzishwa, na neno lake kubwa ni hili: kumaliza ndiko kushinda.

Je, mzee anaweza kuanza?

Watu wengi wana farasi wa miaka 15 au 18. Amebeba watoto, amezoea nyumba, hana hasira. Mwenye farasi anajiuliza: je, huyu mzee wangu anaweza kuingia katika safari ndefu?

Sheria za AERC zinamzuia farasi mtoto, hazimzuii mzee. Kwa safari fupi ya kilometa 40 hadi 56, farasi awe ametimiza miaka 4. Kwa kilometa 80 na zaidi, miaka 5. Tevis Cup inadai miaka 6. Sababu ni kwamba mifupa na viungo vya farasi mtoto havijakomaa.

Huko Marekani palikuwa na farasi mmoja, jina lake Elmer Bandit, mwenye damu nusu ya Kiarabu. Katika mashindano ya njia ndefu alitembea zaidi ya maili 20,000, maana yake zaidi ya kilometa 32,000. Alikuwa anashindana hata alipopita miaka 35, akafa mwaka 2010 akiwa na miaka 38. Lakini angalieni vizuri: Elmer Bandit hakuanza uzeeni. Mwili wake ulizoea kazi miaka mingi, bila kuachwa kulala. Farasi aliyekaa uwanjani miaka mitano akila majani tu ni mtu mwingine kabisa. Anaweza kuanza, ndiyo, lakini aanze kama mgeni.

Kwanza mganga, kisha tandiko

Hapa mine, mtumikaji hashuki shimoni kabla ya kupimwa. Farasi mzee naye apimwe na mganga wa wanyama kabla ya mazoezi. Aangaliwe mambo haya:

Meno. Meno ya farasi yanaisha polepole maisha yake yote. Yakiwa mabaya hatafuni vizuri, chakula hakimpi nguvu, anakonda.

Viungo. Wazee wengi wana ugonjwa wa viungo. Aliyekakamaa asubuhi, kisha akafunguka baada ya kutembea kidogo, pengine anafaa kwa kazi nyepesi. Anayechechemea hafai. Kumpa dawa ya kuficha maumivu ili aendelee ni kumdanganya mganga na kumwumiza mnyama. Tena katika mashindano dawa hizo ni marufuku.

Manyoya. Mzee ambaye manyoya yake ni marefu na hayaanguki wakati wa joto, pengine ana ugonjwa wa Cushing. Ugonjwa huu unaweza kuleta maumivu makali ndani ya kwato hata farasi asiweze kusimama vizuri. Damu yake ipimwe.

Moyo na mapafu. Mganga asikilize farasi akiwa amepumzika na baada ya kukimbia.

Mazoezi: mwili haujengwi kwa siku moja

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Baada ya wiki sita au nane za mazoezi, moyo na pumzi ya farasi vinakuwa vizuri. Anataka kukimbia, anavuta hatamu, na mwenyewe anafurahi: «Mzee wangu amerudi kijana!» Lakini kano za miguu, kwato na mifupa hazijafuata. Hizo zinadai miezi mingi, pengine mwaka mzima na zaidi. Moyo unasema twende, mguu hauko tayari. Hapo ndipo kano inapochanika, na kano ya mzee inapona polepole sana.

Basi tufanye hivi. Mwezi wa kwanza atembee tu, siku tatu au nne kwa wiki, kilometa 5 hadi 8. Mwezi wa pili tutie mbio ndogo za dakika chache, kisha atembee tena. Baadaye tuongeze kidogo kidogo. Ukiongeza urefu wa njia, usiongeze mbio. Ukiongeza mbio, usiongeze urefu. Milima nayo inahesabiwa kama kazi. Baada ya siku nzito mpe siku mbili za kupumzika, kwa maana mzee anarudisha nguvu polepole kuliko kijana. Kila mara aanze kwa kutembea dakika 15 au 20 ili viungo vipate joto.

Kwa farasi aliyekuwa anapandwa kila wiki, miezi mitatu au minne inaweza kutosha kwa kilometa 40 za kwanza. Kwa yule aliyekaa bure, hesabu miezi sita au zaidi.

Joto, maji na chumvi

Sisi watu wa mine tunajua joto linavyoweza kumwangusha mwenye nguvu. Farasi anatoka jasho kupita wanyama karibu wote: akifanya kazi wakati wa jua kali anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa moja, na jasho lake lina chumvi nyingi. Wachunguzi wamepima farasi wazee na vijana katika kazi moja, wakaona kwamba joto la mwili wa mzee linapanda upesi zaidi.

Wako watu wanaosema farasi mwenye joto asinywe maji. Neno hilo si kweli, na limedhuru farasi wengi. Anywe kila mara anapokuta maji. Apewe chumvi kwa kipimo, lakini si kwa mnyama asiyetaka kunywa. Akiwa na joto sana, mmwagieni maji baridi mwili mzima, tena na tena, bila kuogopa.

Siku ya mashindano: mganga ndiye mkubwa

Njiani mna vituo vya kontrole. Mapigo ya moyo wa farasi aliyepumzika ni 28 hadi 44 kwa dakika. Kituoni mganga anataka yashuke mpaka 60 au 64, kadiri ya mashindano, kabla ya dakika 30 kwisha. Yasiposhuka, safari imekwisha. Katika safari fupi za AERC, hata ukifika wa kwanza, saa yako haisimami mpaka moyo wa farasi ushuke kufika 60. Kwa hiyo anayekimbia sana mwishoni hapati faida.

Mganga anavuta ngozi kidogo: ikichelewa kurudi, maji yamepungua mwilini. Anabonyeza ufizi: damu irudi kabla ya nukta mbili. Anasikiliza tumbo: likinyamaza kabisa, ni hatari. Kisha farasi anakimbizwa mbele yake kwenda na kurudi, ili aonekane kama anachechemea.

Tuseme uko kilometa ya 30, zimebaki 10 tu. Mganga anakuambia: «Bwana, mguu wa mbele si mzuri. Simameni hapa.» Wewe unajibu: «Daktari, zimebaki kilometa kumi tu! Tumefanya mazoezi miezi sita!» Maneno yako ni kweli, lakini mguu haujui hesabu ya miezi. Farasi mzee aliyesimamishwa leo anaweza kurudi mwaka kesho. Aliyelazimishwa leo pengine hatapandwa tena, na pengine hatafika nyumbani.

Mwaka 1973 bwana Gordy Ainsleigh alisimamishwa katika Tevis Cup kwa sababu farasi wake alichechemea. Mwaka 1974 alirudi bila farasi, akakimbia njia ile yote kwa miguu yake mwenyewe, akafika kabla ya saa 24 kwisha. Kutoka hapo yalizaliwa mashindano ya watu wa mbio yanayoitwa Western States.

Na mpandaji naye?

Kaske kichwani kila siku, hata njia ikiwa fupi, hata farasi akiwa mpole. Farasi mpole naye anajikwaa. Mtu pamoja na tandiko wasipite karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi: kwa farasi wa kilo 450, ni kilo 90. Mpandaji aliyechoka anakaa vibaya, na mgongo wa mnyama ndio unaolipa. Basi fanya mazoezi wewe pia, kunywa maji, na katika mteremko mkali shuka utembee kando yake.

Tukumbuke:

1. Mganga kabla ya mazoezi.
2. Kutembea kwanza, mbio baadaye.
3. Usiongeze urefu na mbio pamoja.
4. Maji kila mahali yanapopatikana.
5. Kipimo cha moyo kinashinda saa ya mkononi.
6. Mganga akisema basi, ni basi.

Mzee aliyetutumikia miaka mingi hana deni kwetu. Akiweza kwenda mbali, twende naye kwa mwendo wake. Asipoweza, tumrudishe nyumbani akiwa na miguu yake minne, tumpe maji na majani, naye atakuwa amemaliza safari yake vizuri.