Kuweka Oracle ku serveri ya zamani: mambo yenye inasumbuaka

Wadogo wetu wa promosheni ya mwisho wananiuliza sana hii swali: juu ya nini Oracle inakataa kuingia ku serveri ya ofisi, na ku laptop mpya iliingia bila shida? Wengi wanaandika TFC juu ya malipo ao stoki, na pale wanafanyia staji wanakuta mashini moja tu, CentOS 7, na programu yenye iliandikwa kwa Oracle 11g. Kubadilisha yote haiwezekani. Basi tuongee vile inafanyika.

Chukua XE, ile ya bure. XE ya 11g iko karibu megabaiti 300, lakini ya 18c inapita gigabaiti 2. Mwenye kununua megabaiti na pesa yake anaelewa. Mipaka yake iko wazi: prosesa moja, gigabaiti 1 ya RAM, na data yenu haiwezi kupita gigabaiti 11. Ukifika pale, inakutolea ORA-12952 na inasimama. Oracle ile kubwa unaweza kuipakua juu ya kujifunza, lakini ofisi yenye inaitumia kwa kazi ya kila siku inapaswa kulipa leseni. Wakubwa wa ofisi wajue hiyo mbele, si kiisha.

Shida ya kwanza haiko hata Oracle. CentOS 7 ilifungwa tarehe 30 Juni 2024, na anwani zenye yum ilizoea hazijibu tena. Nimeona watu wanasema intaneti ni mbaya, wanaenda kununua megabaiti zingine. Apana. Fungua faili za /etc/yum.repos.d/, weka # mbele ya kila mstari wa mirrorlist, toa # ku mistari ya baseurl na uielekeze ku vault.centos.org, kwenye vitu vya zamani vinachungwa. Hapo yum itakupatia libaio, bc na flex, zenye XE inahitaji.

Ya pili ni swap. XE inataka gigabaiti 2 za swap. Ikikosa, rpm inakataa palepale. Angalia na free -m. Kama haitoshi, musifute disiki kwa kugawa upya! Tengenezeni faili tu:

dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Kiisha uandike ile faili mu /etc/fstab. Wengi wanasahau hapa, na sisi tunajua namna umeme wetu iko: ikikatika usiku, asubuhi mashini inawaka bila swap.

Ya tatu ni jina la mashini. Liwe mu /etc/hosts pamoja na IP yake, na usilibadilishe nyuma ya kuweka Oracle, juu XE inaliandika mu listener.ora. Ukibadilisha, listener haitaamka na utatafuta kosa siku mbili.

Sasa rpm -ivh, kiisha /etc/init.d/oracle-xe configure. Itakuuliza porti 8080 na 1521, neno la siri la SYS na SYSTEM, na kama database ianze yenyewe mashini ikiwaka. Ya mwisho, jibu y. Ikikuambia kama configuration imeshindwa, usifute yote na kuanza tena. Soma mu /u01/app/oracle/product/11.2.0/xe/config/log. Ku mashini yenye RAM kidogo, mara mingi utakuta ORA-00845: /dev/shm ni ndogo. Ipanue kwa mount -o remount,size=2G /dev/shm, na hiyo pia iingie mu fstab.

Kama kompyuta zingine zinapaswa kufikia database, fungua porti 1521 ku firewall, lakini ndani ya rezo ya ofisi tu. Mfumo wenye haupate tena marekebisho ya usalama usitoke ku intaneti.

Sasa ile yenye iliniumiza mimi mwenyewe. Pale nilifanya staji, nilifurahi sana kuona sqlplus imefunguka, nikaenda zangu. Umeme ilikuwa inakatika, na kila mara Oracle ilijirudisha yenyewe kwa redo log zake. Nikaizoea. Kumbe redo log haisaidie kama disiki yenyewe imekufa. Disiki ilikufa, na malipo ya miezi mingi ya wanafunzi ikapotea. Wazazi walirudi na bordero mikononi, tukaandika upya moja moja. XE ya 11g inaanza mu NOARCHIVELOG, ni kusema unapata tu kile ulichukua ku kopi yako ya mwisho. Weka expdp mu cron kila usiku, na ile faili ya .dmp itoke mu mashini: ku disiki ya inje ao ku kompyuta ingine. Na siku moja jaribu kuirudisha na impdp ku laptop yako, mbele umwambie mkubwa wa ofisi kama umemaliza.