Ghala Moja, Funguo Nyingi

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilipomaliza pori la Mgunda Mkali, iliingia Unyamwezi kupitia Tura. Leo Tura ni kituo cha Reli ya Kati, wilayani Uyui. Wapagazi wakifika hapo walijua Tabora haiko mbali, na Tabora kulikuwa na maghala. Henry Morton Stanley alipita Tura mwaka 1871, akaenda kuweka mizigo yake Kwihara, jirani na Tabora.

Nimeikumbuka njia hiyo baada ya kuingia katika ofisi moja inayoshughulikia malipo ya wakulima wa tumbaku. Kompyuta zilikuwa 5, na kila moja ilikuwa na orodha yake. Karani akirekebisha jambo, hulinakili katika flashi na kumpelekea mwenzake, akikumbuka. Siku hiyo mzee mmoja kutoka Tura alikuwa amefuata haki yake. Orodha moja ilisema anadai. Nyingine ilisema amekwishalipwa. Akaambiwa arudi wiki ijayo, kwa nauli yake mwenyewe.

Ofisi ile haikukosa kompyuta. Ilikosa ghala. Ghala la mafaili huitwa seva: kompyuta moja inayokaa imewashwa, ambayo kompyuta nyingine zote huchukua na kurudisha mafaili kwake. Orodha inakuwa moja tu.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Kwanza, kila kompyuta, pamoja na seva, huunganishwa kwa waya na kisanduku kiitwacho swichi. Waya wa shaba wa kawaida usizidi mita 100. Pili, kila kompyuta hupewa anwani ya tarakimu. Seva ikiwa 192.168.1.10, nyingine zinaweza kuwa 192.168.1.21, 22 na kuendelea. Anwani mbili zisifanane, na ya seva isibadilike, maana ghala linalohamahama halipatikani.

Tatu, kwenye seva hufunguliwa folda ya pamoja, na kila mfanyakazi hupewa jina na neno lake la siri. Hapo ndipo huamuliwa nani asome tu na nani aruhusiwe kuandika. Nne, kwenye kompyuta ya karani huandikwa anwani ya seva na jina la folda. Folda hiyo huonekana kama diski ya ziada, tuseme Z, ingawa iko chumba kingine. Karani wawili wakifungua orodha moja kwa pamoja, kwa kawaida wa pili huambiwa kuwa inatumika, asome tu kwa sasa.

Ikigoma, tusikimbilie kumlaumu fundi. Tutazame taa ya waya kwenye swichi, kisha anwani, kisha jina na neno la siri, kwa mpangilio huo.

Lakini ghala moja lina hatari yake. David Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mlinzi alikuwa mmoja, na akiba nyingine iliyokuwapo pale ilikuwa kidogo tu. Ndivyo ilivyo kwa seva: nakala ya mafaili itolewe kila siku na kuwekwa mbali na seva yenyewe, na pawepo betri ya kuipa nafasi ya kuzimika vizuri umeme ukikatika.

Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kupitia tundu katika njia hii hii ya kugawana mafaili ya Windows, kikafunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo. Wengi walioumia hawakuwa wamekiweka.

Tena, majina na malipo ya watu si mali ya karani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaozitunza wazilinde. Neno la siri lililobandikwa kwenye kioo cha kompyuta ni sawa na ufunguo ulioachwa mlangoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: madaftari matano yasiyokubaliana hupoteza mali ya mwingine, na huyo mwingine ni mzee aliyepanda treni Tura alfajiri.