Utangulizi: Saa ya Kuruka

Tarehe 27 Mei 2020, wanaanga Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa wameshafungwa mikanda ndani ya chombo cha Crew Dragon huko Florida. Zikiwa zimebaki dakika 17 hivi, safari ikaahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa. Kwa nini wasingoje nusu saa mawingu yapite? Waliruka siku tatu baadaye, tena si saa ileile: kwanza ilipangwa saa kumi na dakika 33 alasiri, safari hii saa tisa na dakika 22. Fani ya mwendo wa obiti ndiyo inayoeleza dakika hizo 71 zilikwenda wapi.

Walikuwa wakienda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Obiti yake imelala kwenye bapa lililoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Dunia hujizungusha ndani ya bapa hilo nyuzi 15 kila saa, hivyo Florida hulipita mara mbili tu kwa siku. Ukichelewa dakika 10, kulirudia kutakudai mwendo wa ziada wa takriban mita 260 kwa sekunde, na mafuta ya kuchezea hivyo hayapo. (Mafuta yenyewe, yaliyopozwa mno, nayo hayangoji.) Wengi hudhani kituo lazima kiwe juu ya utosi wakati wa kuruka. La. Chombo hukifukuza ndani ya bapa hilohilo. Wawili hao walikifikia baada ya saa 19 hivi. Kisichosameheka ni bapa, nalo halitulii: uvimbe wa dunia kwenye ikweta hulisogeza magharibi. Jumlisha dakika 4 ambazo nyota huwahi kuchomoza kila siku, na saa ya kuruka huwahi kwa dakika 24 hivi kwa siku.

Pwani ya Kenya mambo ni mengine. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni, karibu na Malindi, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Obiti yake ilikaribia kuifuata ikweta yenyewe, na bapa la namna hiyo halikuachi hata dunia izunguke vipi. Saa haikubanwa nalo. Kwangu mimi, somo hili lingeanzia Ngomeni.

Anayekumbuka sine na kosine za sekondari atazifuata sura zote. Awe na kikokotoo, na tufe la dunia akilipata. Sura ya pili ni ngumu kuielewa bila kulizungusha.