MKATE MGUMU SI MKATE MBOVU



Kila asubuhi, kabla ya gari la kazi kupita, mkate unakatwa katika nyumba zetu. Kipande kimoja kwa baba anayeshuka mgodini, vipande vingine kwa watoto wanaokwenda masomo. Mkate ni chakula cha haraka, na ndiyo maana tunaununua bila kuuangalia. Lakini mkate unaweza kukudanganya mara mbili: mara ya kwanza kwa uzito wake, mara ya pili kwa afya yake. Leo tutakuonyesha namna ya kuupima na kuujua, nyumbani kwako, bila kutumia feza nyingi.

Jicho si mizani

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Union Minière, familia zilipopewa posho. Unga ulipimwa kwa kilo, na kila mama alijua anachobeba. Leo tunanunua mkate kwa macho. Mkate uliovimba sana unaonekana mkubwa, kumbe ndani kuna hewa. Tena, nchi yetu inanunua ngano karibu yote kutoka nje. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, unga ukawa ghali. Unga ukipanda, mara nyingi bei ya mkate inabaki ileile, lakini mkate wenyewe unapunguka.

Huna mizani? Itengeneze. Tafuta fimbo iliyonyooka ya karibu metre moja, kamba, mifuko miwili inayofanana, na chupa mbili za plastiki za nusu litri, zinazofanana pia.

1. Funga kamba katikati ya fimbo na uitundike. Funga mfuko mmoja kila mwisho. Kama fimbo inainama upande mmoja, sogeza kamba ya katikati mpaka fimbo ilale sawa.

2. Jaza maji chupa moja mpaka pale yalipofika iliponunuliwa. Kisha mimina maji katika chupa ya pili mpaka yawe sawa katika zote mbili. Litri moja ya maji ni kilo moja. Basi kila chupa sasa ina maji ya gramu 250.

3. Mwaga maji ya chupa moja. Chupa hiyo tupu iweke katika mfuko mmoja pamoja na mkate. Chupa yenye maji iweke katika mfuko wa pili. Chupa na chupa zinalingana. Kinachobaki ni mkate na maji.

Mkate ukishuka, una zaidi ya gramu 250. Ukipanda juu, haukufika. Pima siku ileile uliyonunua, kwa sababu mkate unapokauka unapoteza maji na uzito.

Kisha fanya hesabu. Tuseme mkate wa franka 500 una gramu 200, na mkate wa franka 600 una gramu 300. Wa kwanza, gramu 100 zinakugharimu franka 250. Wa pili, franka 200 tu. Ule ulioonekana ghali ndio rahisi. Kwa mwezi mzima, tofauti hiyo inaweza kununua karanga au maharagwe ya kuongeza nguvu ya mkate.

Mgumu na mbovu

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo hatari ilipo. Wanatupa mkate mzuri, na wanakula mkate wenye sumu.

Mkate mpya ukiubonyeza kidogo, unarudi mahali pake. Ganda lake linalia ukilivunja, na harufu yake ni ya ngano. (Sokoni usiubonyeze kwa mkono mtupu, mwenzako ataula. Bonyeza juu ya mfuko.) Usidanganywe na joto peke yake: hata mkate wa jana unaweza kupashwa moto.

Mkate mgumu, usio na doa wala harufu mbaya, haukuharibika. Unyunyizie maji kidogo, uuweke juu ya mbabula yenye makala machache, ugeuze. Utalainika tena, ule mara moja, kwa sababu ukipoa utarudi kuwa mgumu. Au uchovye katika chai. Kama una frigo, jua kwamba baridi yake inachelewesha ukungu lakini inaufanya mkate uwe mgumu upesi zaidi.

Mkate mbovu ni mwingine. Angalia alama hizi:

– Madoa ya kijani, meusi, meupe au mekundu: ni ukungu. Usikate doa na kula sehemu nyingine. Mkate ni laini, na mizizi ya ukungu inaingia mbali ndani, ambako jicho halifiki. Aina nyingine za ukungu zinatoa sumu ambayo moto wa mbabula hauiondoi. Usiunuse pia: mbegu za ukungu zinaingia kifuani na kumletea taabu mwenye pumu. Ufunge katika mfuko, uutupe. Usiwape kuku na bata. Sumu inawadhuru nao.

– Ndani kunanata, kunavuta nyuzi kama bamia, na kunanuka kama nanasi lililoiva kupita kiasi. Ni vijidudu vinavyovumilia moto wa tanuru na kuamka wakati wa joto. Utupe mkate wote.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, hatari inaongezeka. Usifunge mkate wa moto katika plastiki: unatoa jasho, na jasho linalisha ukungu. Uache upoe, uufunge katika kitambaa safi, uweke katika sanduku lenye kifuniko. Kila juma toa chenga za zamani, osha sanduku kwa maji na siki, likauke kabisa. Mbali na sabuni na petroli.

Mkate wa kazini

Wewe unayefanya kazi mgodini, weka mkate katika kopo linalofunga vizuri, si katika mfuko wa nguo za kazi. Usiuweke juu ya jiwe wala juu ya mashini. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Vumbi la mawe ya madini halionekani juu ya mkate, lakini linaingia tumboni pamoja nao.

Neno la mwisho ni gumu kidogo. Katika nyumba nyingi, baba akirudi, mtoto mdogo anakimbilia mfuko wake kutafuta kipande kilichobaki. Ni desturi ya upendo. Lakini kipande hicho kimeshinda siku nzima katika joto na vumbi, na mwili wa mtoto ni mdogo kuliko wako. Baba, fanya hivi: asubuhi, kabla ya kutoka, kata kipande cha mtoto, ukifunge katika kitambaa, ukiache nyumbani. Ukirudi, oga kwanza, badili nguo, kisha umpe kwa mkono wako.

Atafurahi vilevile. Na utakuwa umemletea mkate tu, bila vumbi la mgodi.