Je, Wajua? Wakulima Wanaoishi Ndani ya Gogo

Je, wajua kwamba mbawakawa wengi wanaotoboa magogo mabichi hawali mti? Jike huchimba njia nyembamba, akapanda kuvu kwenye kuta zake, na kuvu hiyo ndiyo chakula chake na cha mabuu yake. Ule unga unaomwagika nje ya kitundu ni uchafu wa kufyeka shamba.

Je, wajua mbegu ya kuvu hiyo huibeba wapi? Kwenye vifuko vya mwilini: wengine tayani, wengine mgongoni, wengine penye mzizi wa mabawa.

Je, wajua kuvu zenyewe si za ukoo mmoja? Zipo Raffaelea na Ambrosiella. Ipo Fusarium, jamaa wa ile inayonyausha migomba. Ipo hata Flavodon, ya kundi moja kubwa na uyoga tunaouchuma. Afrika nayo ina yake: mwaka 2017 kuvu ya Premnobius cavipennis, mbawakawa mzaliwa wa bara hili, ilionekana ni ngeni kabisa ikaitwa Afroraffaelea ambrosiae. Hapa kwetu Kongo, Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake na Kitchanga, msitu umeachia malisho na mikaratusi. Lakini upande wa Walikale msitu wa asili bado umesimama, na kila mti mkubwa unaoangushwa kule ni mashamba kwa wadudu hawa. Natamani vijana wetu wa vyuo wawe wa kwanza kuyachunguza.

Je, wajua ukongwe wa kilimo hiki? Zaidi ya miaka milioni 50. Binadamu tuna kama elfu kumi na kitu.

Je, wajua pombe huwaita wadudu hawa? Mti uliojeruhiwa au uliozama majini hutoa harufu yake, nao huifuata. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba pombe hiyo hustawisha kuvu yao na kudumaza ukungu mwingine. Inawapalilia shamba!

Je, wajua mwenye kahawa ana sababu ya kukagua matawi? Mmoja wao, Xylosandrus compactus, mzaliwa wa Asia, aliripotiwa kwenye kahawa ya Bundibugyo, Uganda, mpakani na Kongo, mwaka 1993. Kitundu chake hakizidi milimita moja hivi, upande wa chini wa kitawi. Kuanzia hapo hadi nchani majani hunyauka. Kata chini ya kitundu, uchome moto siku hiyohiyo, maana ndani mna jike na watoto wake. Angalia na miti ya avoka, nayo humpokea.

Je, wajua meza yenye vitundu vyenye kingo nyeusi haihitaji dawa? Ubao ukikauka kuvu hufa, na mabuu hukosa chakula. Unga mpya ukianguka kwenye mbao kavu, huyo ni mdudu mwingine, anayekula mti wenyewe.